Jicho la Wifi Kwenye Ukuta Wangu

Bado naiona asubuhi ile, mwanangu, kana kwamba ni ya juzi. Wifi yangu Masika alisimama mbele ya ukuta wa nyumba yangu mpya, akachomoa pini ya nywele kichwani, akaanza kuchokoa katikati ya matofali. Sima, ile saruji ya kushikia matofali, ikatoka. Wala haikubanduka vipande, ilimwagika tu chini, kama inavyomwagika kwenye gunia lililotoboka.

"Wifi, iyi sima yako iko kama bunga," akasema. Nikaona anatabasamu.

Nakueleza habari hii kwa sababu jana uliniambia kwenye simu kwamba utamkataza mke wa shemeji yako asikanyage tena kiwanjani kwako unapojenga, maana kila akija anaona kasoro. Nisikilize kwanza, halafu utaamua mwenyewe.

Masika ni dada mkubwa wa baba yako. Ndoa yake ilivunjika huko Kalengera, akarudi Goma na watoto wake, na baba mkwe akamjengea nyumba ya mbao nyuma ya parsele, kiwanja chetu sote. Sisi tulipewa upande wa mbele, unaotazama barabara, tukaanza kujenga ya matofali. Hebu jiweke mahali pake. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, na kila akifungua mlango anaona matofali ya mke wa mdogo wake yanapanda na kumzibia jua. Alikuwa na wivu, sikatai. Hata salamu yake ilikuwa na wivu ndani.

Na mimi nilikuwa na wangu, ingawa siku zile nisingekubali. Baba yako akirudi kutoka Vitshumbi kununua samaki, alipita kwanza kwa dada yake. Samaki mnono alibaki kule. Habari za safari zilisimuliwa kule, mimi nikazipata zimeshapoa. Nilimwona mwanamke yule ananipunguzia mume. Nikajiambia kwamba siku nyumba itakapoisha nitakuwa na sebule yangu yenye viti vyangu, na baba yako hatakuwa na sababu ya kupitia kwa mtu. Ndiyo maana nilikuwa na haraka, mwanangu. Kila asubuhi nilimsukuma fundi.

Fundi wetu aliitwa Bahati, mtu wa maneno laini. Nilipomwonyesha mahali pini ilipopita, alicheka kidogo.

"Mama, usimusikilize. Uyu ako na wivu tu. Tukishapaka krepi juu ya matofali yote, hautaona kitu."

Maneno hayo yalinipendeza kuliko chai. Nikaenda moja kwa moja kwa baba mkwe kumshtaki binti yake, kwamba anaichimba nyumba ya mdogo wake kwa pini. Muzee alikuwa anamenya maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama sima ilitoka kweli. Nikamwambia ilitoka, ila Masika alifanya vile kwa wivu.

"Wivu ni ya Masika," akasema. "Lakini ukuta ni yako, na batoto batalala chini yake ni bako."

Akarudi kwenye maharage yake. Nilitoka pale nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kunipa haki.

Mafundi walipokwenda kula, nikachukua msumari. Kuta nyingine zilikuwa ngumu, msumari uliteleza. Ila ule wa upande wa ziwa, kila nilipochoma palimwagika. Nikaweka kiganja kwenye tofali na kusukuma, likasogea. Mwanangu, hapo ndipo ningeweka kitanda chako. Nikakaa juu ya rundo la mchanga.

Bahati alibisha sana aliporudi. Mwishowe akakubali kwamba siku ya kujenga ukuta ule sima iliwapungukia, naye akaongeza mchanga ili kazi isisimame, kwa kuwa mama mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kusimama. Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma. Nikamwambia auvunje.

Masika alitoa kigoda chake nje akakaa kutazama, kama mtu aliyealikwa harusi. Kuanguka kwa ukuta nilikuvumilia, lakini uso ule ulinishinda. Ukuta uliposimama upya, wa nguvu safari hii, nikampiga Masika marufuku kuvuka upande wetu. Na tulipoanza kujenga jiko, nilitundika shitingi, maturubai ya plastiki, kuzunguka kazi yote ili asione kitu. Mimi mwenyewe sikuchukua msumari tena. Furaha ya kumficha ilinitosha.

Basi mlima ukatema moto, na ardhi ikawa inatetemeka siku baada ya siku. Adhuhuri moja tulikuwa wote uani, ukuta wa jiko ukainama taratibu, ukalala juu ya mafiga. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu ndani. Nyumba kubwa ilisimama, lakini nani angethubutu kuingia? Tukahamia kwa Masika, kwenye mbao zake zinazolia na kuyumba lakini hazimwui mtu. Nilikaa kwenye mkeka wake nikizitazama mbao zile, na unajua nini? Nilizionea wivu. Mimi, mwenye nyumba ya matofali.

Masika alinimiminia chai. Safari hii hakutabasamu.

"Ningekuambia, wifi. Ile jiko ulinificha."

Nilikunywa chai.

Usidhani tulikumbatiana. Mpaka leo hatupendani sana, na samaki mnono bado anapitia kwake. Lakini tangu siku zile hakijajengwa kitu kwenye parsele yetu, hata choo, kabla Masika hajaitwa kuangalia.

Sasa sikia, mwanangu. Wanaokupenda wakija kwenye ujenzi wako, wanakutazama wewe. Wanaona umefurahi, wanasifu, wanaondoka. Mwenye wivu anaitazama nyumba, tena anaitazama vizuri kuliko wewe unayeilipia. Mpe kiti huyo mke wa shemeji yako. Akisema mlango umepinda, usimjibu, pima mlango. Fundi akikuambia kwamba krepi itafunika, simamisha kazi hapo hapo, uchokoe mwenyewe kwa mkono wako kabla hajafunika. Kama ni kuvunja, vunja sasa, wacha watu wacheke. Na wivu wako wewe usiupe kazi ya kusimamia ujenzi, kwa sababu wivu unapenda kuharakisha na unapenda kuficha.

Mungu azishike kuta zako. Mvua ipige mabati yako isipate pa kupita, na watoto wako wazeeke humo ndani. Na huyo mke wa shemeji yako, Mungu amjalie naye aanze kujenga ya kwake, na akuite wewe uje kumtazamia.