Hujambo Mwanangu kwa Bibi wa Kerege

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaipata kwa wapakiaji wangu, maana wao wanaitia chumvi. Kiwanda cha matofali hapa Zinga nimekijenga kwa mikono hii, kwa hiyo kunifundisha jambo ni kazi. Rukia, binti wa marehemu mdogo wangu, alinitengenezea programu ya kompyuta: karani anamwandikisha mteja, mzigo ukiwa tayari programu inamtumia ujumbe kwenye simu.

"Baba mkubwa," akaniuliza, "karani akiiacha tupu sehemu ya salamu, neno gani lijijaze lenyewe? Nalipanga mara moja kwenye klasi ya mteja, yaani kile kiolezo cha wateja wote, kila anayeandikishwa analipata."

Mambo ya klasi, nikamwambia, mimi niliyaacha darasa la tatu. Weka "Hujambo mwanangu", wateja wangu wote nimewazidi umri.

"Si bora asalamu aleikumu? Au tusipange neno, programu ikatae mpaka karani ajaze."

Nikamwambia aandike nilichosema.

Sasa wakati huo nilikuwa nimepeleka posa ya kijana wangu huko Kerege, nangoja jibu, na mwenye kauli nyumba ile ni bibi wa binti, Bi Mwanahawa (alipoolewa huyo, mimi nilikuwa bado sijaingia jandoni). Kumbe naye kaagiza matofali ya choo, karani kaiacha salamu tupu, na bibi akasomewa ujumbe mbele ya wageni wake: "Hujambo mwanangu. Mzigo tayari, njoo uchukue. Mzee Shomari."

Kesho yake akaja mwenyewe na mkongojo wake, wapakiaji wote wapo. Akainama. "Shikamoo, baba."

Na mimi (Mungu anisamehe, mdomo umezoea) nikajibu, "Marahaba."

Wapakiaji walikaa chini kwa kucheka.

"Basi ile posa," akasema bibi, "kaulizeni wakubwa. Mimi mtoto."

Nilikwenda Kerege mara tatu na dada yangu, nikatoa shikamoo pale kizingitini. Mara mbili hakusikia, eti masikio. Ya tatu akaitikia, na posa akaikubali kwa sharti moja: mialiko yote ya harusi niipeleke mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa mguu.

Siku hizi sehemu ya salamu haina neno lililopangwa. Ikiachwa tupu, programu inakataa, karani anauliza, wateja wananung'unika kwenye foleni. Wanung'unike. Mtu sijamwona uso, simpangii salamu tena.