Ngombe ya Siku ya Mungu

Watu wengine wa Goma, wakitoka kanisani siku ya Mungu, wanashuka kando ya ziwa kupiga picha na kula sambaza, visamaki vya ziwa, za kukaanga. Mimi nilikuwa nashuka na ngombe. Na haikuwa hata yangu. Ilikuwa ya jirani yetu wa mutaa wa Mapendo, muuza nyama.

Sababu ni baba mukwe. Vita ilimutoa Masisi, ngombe zake zote zikapotelea kule, akaja kukaa kwetu na fimbo yake na kofia. Aliketi kwenye kiti mbele ya nyumba, akakataa kuinuka. Miguu ikaanza kuvimba, na muganga akatuambia wazi kwamba muzee asipotembea tutamuzika pamoja na kiti chake. Muke wangu alimubembeleza, akamukasirikia, akalia. Muzee alijibu mara moja tu, kwa upole.

"Mwanaume anatembea nyuma ya ngombe. Mimi nitembee nyuma ya nini? Nyuma ya pikipiki?"

Basi nikaenda kwa muuza nyama. Ngombe zake zinafika juma-mosi na zinachinjwa juma-tatu. Katikati ya hapo zinasimama tu juu ya mawe ya volkano, hazina la kufanya. Nikamuomba anipe moja ya kutembeza. Alicheka mpaka akashika ukuta, lakini alikubali.

Muzee alipoiona kwenye mulango, alisimama. Hivyo tu, baada ya maombi yote yale! Akaizunguka, akaishika pembe, akaiita Bihogo, jina ambalo kwao wanapewa ngombe za rangi nyekundu iliyoiva. Alikuwa na Bihogo wake zamani, akimupenda kuliko zote. Tukaenda mpaka ziwani, ngombe ikakunywa, tukarudi polepole. Jioni muzee alimaliza fufu yake yote, na muke wangu akaimba jikoni.

Shida ni kwamba juma lililofuata Bihogo alikuwa ameshaliwa. Nilipewa ngombe nyeupe pe. Nikajitayarisha kusema ni vumbi la kiangazi limeipaka rangi. Upumbavu mutupu, kumuambia mufugaji neno kama hilo! Muzee aliiangalia kutoka kwato mpaka masikio, akasema, "Bihogo, twende." Iliyofuata ilikuwa ya mabaka. Bihogo. Nyingine haikuwa hata na pembe. Bihogo vilevile. Mvua zikaanza, na mimi ndani ya suti ya kanisa, matope mpaka magoti, nikimuvuta Bihogo.

Na njiani je? Watu wa kwetu wakiona suti, muzee mwenye kofia na ngombe, hawaulizi, wanajua ni mahari. Mama wanapiga vigelegele. Siku moja kundi zima lilitufuata likiimba mpaka majini. Walipoona hakuna bibi-arusi wala bia, walinitukana mimi, si muzee. Yeye aliwapungia kofia kwa furaha.

Halafu ikaja siku ya Mungu bila ngombe. Mulima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara ya Masisi, ile inayoleta ngombe, na muuza nyama alinionyesha mikono mitupu. Nilirudi nyumbani peke yangu. Muke wangu alinitazama, kisha akatazama kile kiti. Nikachuchumaa mbele ya muzee. Nikamuambia leo hakuna ngombe, na kwamba hata zile zingine, kusema kweli...

Aliinua fimbo kunikatiza. Akavaa kofia. Akasimama mwenyewe, akanionyesha barabara.

"Tangulia."

Kwetu mukwe hamutangulii baba wa muke wake. Ni haya kubwa. Nilitangulia. Kwenye njia panda alipiga muluzi, nikakata kushoto. Nilipochelewa mbele ya mama anayechoma mahindi, fimbo ilinigusa kiuno. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walitupisha tu, hata wenye pikipiki.

Ziwani alisimama nyuma yangu, ameegemea fimbo, miguu yake imejaa matope. Nikageuka kumuuliza kama turudi. Alinionyesha maji kwa kidevu.

"Kunywa, Bihogo."

Nikafungua vifungo vya koti, nikainama, nikakunywa.