Bahari ya Sebuleni kwa Silvanus

Simu ya Selina ilimkuta Leonida uani kwa mdogo wake, akichagua maharage kwenye ungo. Alipoona jina la wifi yake alijua, maana Selina alikuwa akipiga jioni tu, baada ya madaktari kupita, na hii ilikuwa asubuhi.

"Wifi, uko na mtu hapo?"

"Niko peke yangu. Sema tu."

"Silvanus ametuacha."

Ungo ulimwagika. Leonida alilitaja jina la Yesu, akalirudia, akakaa chini kwenye udongo. Upande wa pili Selina alilia kidogo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia yote. Kisha akasema, "Tutamleta kesho, Mungu akijalia. Wifi yangu, nakuomba kitu kimoja. Mashine za tangi msizizime mpaka afike. Hadi jana alikuwa anauliza kama samaki wake wamekula."

"Sitazima, wifi."

Simu ilikatika. Na hapo hapo, machozi yakiwa bado yanatoka, wazo la kwanza lililomjia halikuwa la mdogo wake. Lilikuwa la tangi. Watu wataanza kuingia sasa hivi, nao wataliona.

Silvanus alikuwa fundi wa mabomba na pampu. Hoteli za watalii kuanzia Karatu mjini hadi kule juu ukingoni mwa kreta zilimjua. Maji yakigoma, anaitwa yeye. Safari moja aliitwa Arusha, akakuta kwenye mapokezi ya hoteli tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Ndani yake matumbawe hai yalikuwa yakipepea kama majani, na samaki walikuwa na rangi ambazo hakuwahi kuziona kwenye kitu chochote chenye uhai. Pampu aliitengeneza haraka. Siku iliyobaki alisimama mbele ya kioo mpaka mlinzi akamuuliza kama kuna mtu anamsubiri.

Bahari yenyewe hakuwahi kuiona maishani mwake. Lakini aliporudi alimwambia mkewe kwamba atajenga ya kwake, pale sebuleni.

Aliunga vioo vinene kwa silikoni, akaviegemeza kwenye ukuta juu ya meza ya zege aliyoimwaga mwenyewe. Tangi la kwanza lilifumuka kwenye kona wakati wa chakula, ugali ukaelea, na Selina akacheka mpaka akajishika mbavu. La pili likashika. Maji ya kisima aliyakataa, yale yanayowatia watoto meno ya kahawia. Alikinga ya mvua kwenye bati mpaka simtanki ikajaa. Chumvi ndiyo ikawa shughuli. Rafiki yake Lomayani, Mmasai aliyekuwa akilinda hoteli mojawapo kule juu, alimletea kiroba cha magadi wanayolamba ng'ombe.

"Chukua, acha kujitesa. Chumvi ni chumvi."

"Hii si ya baharini, rafiki yangu. Nikiwawekea hii, wataiva kama makande."

Akaagiza chumvi yake Dar es Salaam, kwa mtu aliyekuwa akifuga matumbawe nyumbani kwake na aliyekubali kumkatia vipande. Mtu huyo alimwonya asiwe na haraka: maji na mawe yakae kwanza peke yake, yazoeane, vijidudu vinavyosafisha maji vizaliwe, ndipo alete samaki. Silvanus alitii. Ikawa kila jioni anakaa kwenye kigoda kutazama mawe ndani ya maji, taa ya buluu ikimulika mpaka barabarani. Karatu nzima ikapata la kusema. Wenzake wana ng'ombe na mbuzi, Silvanus anafuga mawe.

Samaki walipofika, wadogo, rangi ya chungwa na mistari myeupe, Lomayani aliwakagua kwa makini kama yuko mnadani.

"Sasa hawa wanakamuliwa saa ngapi?"

"Hawa hawakamuliwi. Wanakukamua wewe."

Leonida hakucheka. Yeye alikuwa dada mkubwa, amesoma hadi kidato cha nne, na ni katibu wa jumuiya yake ya kanisa kule Endabash. Kila akienda mjini, mtu alimvuta pembeni kumuuliza habari za ile taa. Wazee wa Kiiraqw wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba chemchemi zina pepo wake, na kwamba mtu mwenye akili huchota maji akaondoka, hakai kuyatazama. Basi, yakasemwa yaliyosemwa. Siku moja katika sala za jumuiya, mama mmoja aliombea "nyumba zinazofuga vitu visivyoeleweka." Wote walijua ni nyumba gani. Leonida aliitikia amina pamoja nao, tena kwa sauti.

Silvanus alipolazwa Moshi na Selina akaenda kumuuguza, Leonida alikuja kukaa pale nyumbani. Selina alimfundisha kulisha na kujazia maji ya mvua, akamwonyesha swichi ambazo haziguswi. Alifanya kila kitu alivyoambiwa. Ila alifunika kioo kwa kitenge, akawa anakiinua wakati wa kulisha tu. Mara moja alimwona kamba mdogo akimsafisha samaki usoni, kama kinyozi na mteja wake, akajikuta anatabasamu. Akageuka kutazama mlango.

Sasa msiba ukaingia. Majirani walitoa makochi nje, wakatandika mikeka na magodoro, wakatundua hata picha ukutani. Mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa, mama mmoja mwenye amri anayeitwa Hyasinta, ambaye hakuwahi kukanyaga humo, alisimama katikati ya sebule akasikiliza.

"Dada Leonida, kitu gani kinanguruma huko nyuma ya kitenge?"

Angeweza kusema: ni samaki wa marehemu, mkewe ameomba mashine zao zisizimwe. Maneno yenyewe yalikuwa machache, na hakuna ambaye angebishana na ombi la mjane. Lakini akina mama wote walikuwa wakimtazama.

"Ni friji tu, mwenyekiti."

"Friji gani linakoroma hivi? Lizimeni. Huu ni msiba, hata redio tumezima. Tunataka tuanze rozari."

Leonida aliingiza mkono nyuma ya kitenge akachomoa waya mwenyewe. Pampu zikanyamaza, hita ikazimika. Alijiambia kwamba watu wakitoka ataurudisha. Lakini watu wa msiba hawatoki. Walilala pale pale kwenye magodoro, wengine wakiegemea ile meza ya zege, na ili auchomeke tena ule waya ilimbidi kwanza aseme kwamba friji halikuwa friji. Alishika rozari, akasali fumbo baada ya fumbo, na kila Salamu Maria aliyoisema ilimwona mwongo. Ulikuwa mwezi wa Julai, na Karatu mwezi huo baridi yake hata waliojifunika blanketi wanaijua.

Kesho yake, kabla gari halijafika, Hyasinta alianza kunusa.

"Friji lenu lina nyama imeharibika. Mngeitoa kabla mwili haujaingia."

Honi ilikuwa imesikika barabarani, na wanawake wakaanza kulia kwa sauti.

Lomayani alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Waliliweka sebuleni. Selina aliingia nyuma ya jeneza akishikwa mikono, akasimama, akageuza kichwa. Hakuuliza mtu. Alikwenda ukutani akavuta kitenge. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Samaki walikuwa juu, ubavu ubavu, na matumbawe yamelegea, yanatoa ute. Watu wakasogea kuona kile walichokuwa wakikisimulia miaka yote, na harufu ikawarudisha nyuma.

"Umeme ulikatika?" Selina aliuliza.

"Haukukatika. Nilizima mimi."

"Ulisahau, wifi? Kwa uchungu?"

Alikuwa anampa njia ya kutokea, na mbele ya watu. Leonida alitamani sana kupita humo.

"Sikusahau. Waliniuliza ni nini, nikaona aibu. Nikasema ni friji."

Hyasinta aliweka mkono mdomoni. Selina alimgeukia Leonida, hakupandisha sauti.

"Ulimwonea aibu."

"Ndiyo."

"Nileteeni ndoo," Selina alisema. "Asilale na harufu hii."

Leonida ndiye aliyeinua ndoo. Aliwachota samaki kwa mikono yake, mmoja mmoja, na yule kamba, na konokono waliokuwa wamejibandika kwenye kioo. Lomayani alikunja mgolole wake mabegani, akaunganisha mpira akayavuta maji hadi nje. Hakufanya mzaha wowote. Alipomaliza alisema tu, "Mimi nilikuwa nakuja hapa kupumzika, dada. Ulikuwa hujui?"

Hakuwa anajua.

Walimzika Silvanus siku iliyofuata, Endabash, kwenye shamba la baba yake. Misa iliadhimishwa chini ya turubai, upepo ukilipiga. Leonida alisoma wasifu wa marehemu alioandika mwenyewe juzi yake: kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, ugonjwa. Alipofika mwisho wa karatasi hakukaa. Alisema kwamba ndugu yake alijenga nyumbani kwake tangi la maji ya bahari, akafuga humo matumbawe na samaki, na aliijua kazi hiyo vizuri. Watu waliinamisha vichwa, na wengine walitazamana.

Padre alinyunyizia kaburi maji ya baraka, jeneza likashushwa kwa kamba, vijana wakafukia wakipokezana majembe huku kwaya ikiimba. Katekista Josephati akaita majina ya kuweka mashada. Kwa desturi mjane huongozwa na wifi yake. Leonida alisogea na kunyoosha mkono, lakini Selina alikuwa ameshika mkono wa dada yake wa kuzaliwa, wakaenda wote wawili, wakaweka shada, wakarudi. Alipoitwa dada wa marehemu, Leonida alikwenda peke yake. Alipiga magoti, akaweka maua yake karibu na msalaba, akasali Baba Yetu. Kisha likatolewa tangazo la chakula, na watu wakaanza kuelekea nyumbani.