Picha Zilizofutwa na Mama Nakala

Hospitalini wanamwita Mama Nakala, na wengi hawajui jina lake jingine. Chumba chake kiko mwisho wa korido ya maabara, kina baridi ya kutia meno ganzi, naye hushinda humo na sweta la mwanawe juu ya gauni. Anatunza picha za eksirei za wagonjwa wote: huhakikisha zinanakiliwa kwenye mashine ya akiba, kisha hufuta za zamani kwenye mashine kuu isije ikajaa.

Mwaka jana mashine kuu ilikaribia kujaa. Akatazama skrini ya akiba. Alama ya kijani ilikuwepo, kama kila asubuhi: nakala imekamilika. Akafuta.

Wiki hiyohiyo akaja mzee mmoja mwenye kikohozi, aliyewahi kuwa mfagiaji wa korido hiyo, maarufu kwa mluzi wake. Eksirei ilionyesha doa kwenye pafu. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: doa lilikuwepo kwenye picha zake za zamani? Kama lilikuwepo, mzee arudi nyumbani. Kama ni jipya, apasuliwe.

Mama Nakala akaifungua akiba kwa mara ya kwanza. Tupu. Picha zilikuwa zimehamishiwa diski mpya ya mashine kuu miezi mingi nyuma, na yeye hakuielekeza mashine ya akiba huko. Ikaendelea kunakili folda ya zamani, sasa isiyo na kitu, juu ya nakala za awali, na kutangaza kwamba imekamilisha.

"Ziko wapi, dada?" daktari aliuliza.

"Nimezifuta."

"Si kuna nakala?"

Akamgeuzia skrini: alama ya kijani, na chini yake folda tupu.

Mzee akapasuliwa, akakatwa kipande cha pafu. Doa lilikuwa kovu la ugonjwa wa ujanani, ambalo hata mwenyewe hakulijua. Mama Nakala alimfuata wodini akamweleza yote.

Siku hizi, akija kliniki, mzee husimama mlangoni pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Bado wanakugandisha humu?"

"Bado."

Hujaribu mluzi. Hutoka upepo mtupu. "Redio imeisha betri," husema, hucheka, kisha hushika ukuta mpaka pumzi imrudie.

Sasa Mama Nakala haamini alama. Kila asubuhi huchukua picha kutoka kwenye akiba na kuifungua. Huanza na ya mzee, ile iliyopigwa baada ya upasuaji, yenye pengo. Haijakataa kufunguka hata mara moja.