Mpira Ukikosa, Unaangukia Wapi?

Ukiniuliza nyota wa kikapu anahitaji nini, vuta kiti ukae. Wengi watakwambia urefu. Waongo! Urefu unasaidia kushusha sufuria kabatini. Wengine watakwambia viatu, na hao ndio wananiudhi kabisa, kwa sababu sisi tulicheza na raba zilizotoboka hadi kidole gumba kikawa kinachungulia, na tulikuwa moto. Lazima ujue kudunda mpira bila kuutazama, kukaba, kuruka, kurusha. Hayo yote niliamini ninayo, mpaka siku ya majaribio.

Tuliishi Madale, kule juu milimani, mimi na rafiki yangu, nyumba zetu zikitenganishwa na ua wa michongoma. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga vinyago, mtu wa kusini, na ndiye aliyetutengenezea goli: bodi ya mbao za mninga zilizobaki kwenye kazi yake, ringi ya nondo, nguzo ya mti. Masika yalipokuja udongo ukalegea, nguzo ikainama upande wa kulia. Mzee akasema ataisimamisha Jumamosi. Jumamosi hiyo haikufika, na sisi hatukumkumbusha, maana tulishazoea. Tulikuwa tunarusha tukivuta mpira kulia kidogo, nao unaingia wenyewe. Ilikuwa raha! Kila jioni tukitoka shule tulivua sare na kucheza hadi mama yangu aanze kufoka kutoka jikoni.

"Mtoto wa kike na mipira wapi na wapi? Maji atateka nani?"

"Nakuja mama! Moja ya mwisho!"

Hiyo ya mwisho ilikuwa na wadogo zake wengi.

Kisha zikatufikia habari kwamba timu moja ya wasichana huko Temeke inatafuta mchezaji, imebakiza nafasi moja. Atakayeipata atacheza ligi, atasafiri mikoani, atavaa jezi yenye namba yake mwenyewe. Nafasi moja! Wiki nzima usingizi ulinipaa. Rafiki yangu naye aliitaka, hakunificha, wala mimi sikumficha. Tulikubaliana twende pamoja, halafu kila mtu apambane na hali yake.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa saruji, mistari imepakwa rangi, ringi zina nyavu nyeupe. Nilitamani kuubusu. Kocha alikuwa mama wa makamo, filimbi shingoni, mtu asiyetaka mzaha.

"Shikamoo kocha," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mmetoka wapi nyie?"

"Madale."

"Huko mlimani nako kuna kikapu?"

"Kipo kocha, tena cha moto!" nikajibu mimi. Rafiki yangu akanifinya.

Tukapangwa timu moja. Mpira wa kwanza niliupata mimi. Nikampiga chenga dada mmoja mrefu mpaka akakaa chini, watu wakashangilia, nikarusha. Mpira ukagonga ukingo wa kulia, ukaangukia kulia. Rafiki yangu alikuwa ameshafika pale. Akaudaka, akaurudisha juu, ukaingia. Kwa karibu vile hata asiyejua hakosi. Nikarusha tena, kulia tena. Na yeye yupo palepale, mikono juu, ametulia kama mtu anayesubiri kuletewa chai.

"Huyu binti!" kocha akasema. "Anajua mpira unapoangukia kabla haujarushwa!"

Nilichemka. Atakosaje kujua? Ni makosa yangu yale! Ringi hii imenyooka, mkono wangu bado unairushia ile iliyoinama nyumbani, na yeye ameyaona makosa hayo maelfu ya mara. Nikarusha mwingine kwa hasira, ukaenda kulekule. Filimbi ikalia.

"Wewe wa chenga, kapumzike."

Kupumzika! Nikakaa benchi nimenuna, nikijua habari yangu imekwisha, labda yeye naye aharibu. Na kweli akaanza kuharibu. Warushaji sasa walikuwa wasichana wa palepale, kila mmoja anakosa kivyake, wakati yeye anakimbilia kulia kama tulivyozoea na mpira unaangukia kwingine. Kocha akakunja uso. Akageuka kuniangalia mimi. Nikaelewa: nikinyamaza tu, ataniita tena.

Basi nikanyamaza. Nilijitahidi kweli. Lakini ukikaa benchi na hasira zako unaanza kuona mambo. Yule aliyejifunga mtandio, kiwiko kikimtoka nje, mpira unakwenda kushoto. Yule mrefu harushi kwa magoti, anarusha kwa mikono tu, kwa hiyo mpira haufiki. Nilikuwa nauona kabla haujaondoka mkononi! Miaka yote niliyocheza sikuwahi kuuona mchezo namna ile, kwa sababu miaka yote nilikuwa natazama mpira wangu tu. Na yule shoga yangu mjinga bado amesimama kulia.

"Kushoto, shoga! Kushoto!"

Ikanitoka. Hakuuliza, alikimbia, akaudaka.

"Huyo haufikishi! Sogea mbele!"

Akaudaka.

"Nani anapiga kelele hapo?" kocha akafoka.

"Ni mie, kocha!" nikajibu bila hata kumtazama. "Nyuma, we! Nyuma, unapita huo!"

Aliruka. Sijui alijifunzia wapi kuruka vile. Aliutoa mpira juu ya vichwa vya watu wote, akatua, akageuka, akaurudisha kikapuni, na ule wavu mweupe ukatikisika. Uwanja mzima ukalipuka. Nami nikaendelea kumwita, kushoto, mbele, mbele, na yeye akaendelea kuokota kila kilichokosa, mpaka sauti ikanikauka na jasho likanitoka kana kwamba nacheza mimi.

Filimbi ya mwisho ikalia. Kocha akamwendea, akamshika bega, akamkabidhi jezi. Nilikuwa nimeshapanda juu ya benchi, napiga vigelegele, nawaambia watu nisiowajua kwamba yule ni wa kwetu, mtoto wa Madale, mwangalieni vizuri, ndipo nikakumbuka kwamba nafasi ilikuwa moja. Nikavuta pumzi, nikapiga kigelegele kingine.