Bangaboi

Duka hili la vipuri linanuka petroli iliyochanganywa na oili. Nikivuta pumzi tu, namwona hooyo, mama yangu, amejifunga kibwebwe, magoti yamezama kwenye matope ya Tana.

Mto ulikuwa umefurika na kuikata barabara ya kuingia Garissa. Boti yetu ndiyo iliyovusha watu, mpaka injini ilipogonga gogo ikapasuka. Kufunga nyingine, fundi alitaka bei ya ngamia. Hooyo akatafuta injini kuukuu, akaibeba begani hadi ukingoni.

"Nitafunga mwenyewe," alisema, akishika mabawa yanayosukuma boti majini. "Naanza na bangaboi."

Fundi alikuwa amesimama pale na wasafiri. "Mama, jifunze kwanza kusema pangaboi, ndipo uiguse!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi niliinamisha uso, maana Kisomali chetu hakina p, na hata shuleni tulichekwa kwa kosa hilohilo. Hooyo hakuinua macho.

"Bangaboi," alirudia, akikaza nati. "Injini haijui Kiswahili, wallahi. Inajua mkono tu."

Akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikazima. Akavuta tena, vidole vikimtoka damu, nayo ikanguruma, moshi wa buluu ukamfunika fundi.

"Bismillahi, ingieni," hooyo aliwaambia wasafiri.

Fundi naye alikuwa na safari. Alipanda, akakaa karibu na injini.

"Karibu, dada, nikupe nini?" muuzaji wa vipuri ananiuliza.

Kiswahili changu ni cha shule, na herufi p ninayo. Namtazama machoni.

"Bangaboi."