Watoto Mgongoni, Ratili Chini

Hapana, we ndiye hujaelewa. Hizo nukta niliziona kwa macho yangu, na zilikuwa zinateremka kweli. Hilo sikatai. Nakataa vile mzungu alizisoma.

Ilikuwa shamba la pareto huko juu ya Bahati, miaka ya hamsini. Dada yangu alikuwa anachuna maua, na ana mtoto wa miezi mitatu. Jua likiwaka, wamama wanaacha watoto kivulini kando ya shamba, nyanya mmoja anawachunga. Ukungu ukishuka, kila mama anamfunga wake mgongoni apate joto. Ndivyo tulivyozoea.

Sasa bwana, yule mzungu mwenye shamba, akaanza kuhesabu migongo. Akachukua karatasi ya miraba, chini akaweka idadi ya watoto, kando akaweka ratili za maua. Kila siku nukta moja. Watoto wakizidi, ratili zinapungua. Akabandika tangazo mlango wa stoo: kuanzia kesho, mtoto haingii shambani.

Mimi grafu nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichong'oka jalada. Nikamwendea nyapara nikiwa moto.

"Mzee, hizo nukta za chini zote ni siku za ukungu! Maua yakilowa hatuchuni, tunangoja yakauke. Ukungu ndio unapunguza ratili, na ni huo huo unaleta watoto mgongoni. Toa siku hizo uone kama mteremko utabaki!"

"Kwa hivyo nimwambie bwana afute ukungu kazi?" Watu wakacheka. "Enda uchune, mwalimu wa maua."

Wiki iliyofuata ukungu ukashuka. Migongo mitupu. Maziwa yalimtoka dada mpaka gauni likalowa, na mtoto analia huko kambini tunakolala, tunamsikia. Ratili zikaanguka vilevile. Nukta mpya zikakaa chini kabisa, upande wa watoto sifuri, pale karatasi yake ilipoahidi maua mengi. Nikasema sasa bwana ataona.

Akasema wanawake wamekuwa wavivu.

Mtoto akashikwa na kifua. Asubuhi moja, baridi ya kukata masikio, dada akamfunga mgongoni, akapanda shambani bila kuuliza mtu. Nyapara akamsimamisha.

"Mama, chagua. Mtoto ama kibarua."

"Ukimtoa huyu, nitoe na mimi!" nikamwambia, usoni kabisa.

Akatutoa. Nyumba ilikuwa ya shamba, kwa hivyo nayo ikaenda. Tuliteremka na sufuria na blanketi, mtoto anakohoa njia nzima.

Na wewe unaniambia bwana alifuata hesabu tu. Haya, ungemwacha wako?